Wanafunzi wa Unesi na Sindano Yangu ya Sukari

Wadi ya Wanaume, Kitui

Mpenzi Mama Kioko,

Nakusalimu wewe na watoto. Kikohozi cha Kioko kimeisha? Na huko Nunguni mvua imenyesha ama bado mnatazama mawingu? Mimi ni mzima kiasi, namshukuru Mungu, ila hawa wanafunzi wa unesi wamenichosha kabisa.

Ulisikia nilianguka nikishona, nikaletwa hospitali. Ni ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi nadungwa insulini, dawa ya kushusha sukari kwa damu. Sista, nesi mkuu wa wadi, amewafundisha wote pamoja, lakini kila mmoja alishika lake. Huyu ananiambia nikishadungwa nile mara moja. Kesho mwenzake ananiondolea uji, eti chakula kitaharibu dawa. Wa tatu ananiahidi kwamba baada ya wiki mbili nitapona niache sindano. Nikiuliza nimfuate nani, wananiambia, "Tulia, mzee."

Juzi nilidungwa, uji ukachelewa. Nikaanza kutetemeka, jasho likanilowesha shati, kitanda cha jirani nikakiona kama viwili. Nikaomba chai ya sukari. Mwanafunzi aliyekuwa zamu akasema, "Sukari ndiyo inakuua, mzee. Ngoja nikuongezee sindano." Mama Kioko, alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Nilimshika mkono, lakini sikuwa na nguvu.

Mwenzake, msichana wa Matinyani anayeitwa Kalondu, akamwambia, "Usimdunge. Mimi sijui ana nini, na wewe hujui. Naenda kuuliza."

Akarudi mbio na Sista, na glasi ya maji ya sukari. Nilikunywa, na polepole nikapata akili. Sista akawaambia dawa ilikuwa imeshusha sukari kupita kiasi kwa sababu sikula, na sindano ya pili ingeniua. Yule kijana alikuja baadaye kuniomba msamaha. Nilimpa mgongo, nikageukia ukuta. Bado nina hasira, sitakuficha.

Sasa Sista anasema sindano hii ni ya maisha yote, na lazima mtu wa nyumbani ajifunze kunidunga. Njoo, tafadhali. Nimeomba ufundishwe na Kalondu. Katika wote, ni yeye tu aliyesema hajui.

Nisalimie mama, mwambie asilie. Msalimu pia ndugu yangu Musyoka, na mchungaji wetu aniombee.

Mume wako anayekungoja,
Baba Kioko