Nimenyoa Ndevu ili Nipande Mlima na Mke Wangu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijaeleza shida yangu natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya bonde zima, kwamba Jumanne iliyopita, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu yeyote, nilinyoa ndevu zangu zote ili kupunguza uzito.

Sababu ni mke wangu, nitamwita Lorna ingawa mji mzima utamjua, ambaye tangu theluji ya kwanza huamka kabla lifti za viti vya kupandisha watu mlimani hazijafunguliwa, akapanda mlima kwa nguvu zake juu ya ski, mbao za kutelezea thelujini, zilizobandikwa ngozi za gundi chini, zile za nywele fupi zinazokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma, pamoja na jirani yetu Hoyt na genge lake la alfajiri, na wakati mimi nakoroga uji wa shayiri yeye anarudi na mashavu mekundu na uso ambao mara ya mwisho niliuona siku tulipooana, na sina wivu na Hoyt, maana Hoyt hukata vishikio vya miswaki yake ili begi liwe jepesi, na hakuna mwanamke anayemtoroka mumewe kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Wivu wangu ni kwa huo uso.

Basi mwezi uliopita nikafuatana nao, na ski zangu za zamani za kuteremkia, nzito kama milango, nilizozifunga vifungio vya kupandia vinavyoacha kisigino kinyanyuke, nikawa wa mwisho hadi haya zikaniisha, wakaningoja penye mnara wa lifti, Lorna anatetemeka kwa baridi na kusema hana neno, lakini Mshauri, tulipofika kileleni jua lilikuwa halijatokeza, na milima yote ya magharibi ikaanza kuwaka rangi ya waridi kutoka juu kushuka chini, polepole, kama mtu anayevuta shuka, na hakuna mashine iliyonguruma, na mimi niliyezaliwa chini ya mlima huu na kuupanda maisha yangu yote nimekaa kwenye kiti cha lifti nikajua kwamba nilikuwa sijawahi kuuona.

Wiki iliyofuata Hoyt akaniazima ski zake nyembamba na buti zake, kwa kuwa mguu wetu ni saizi moja, vitu vyepesi vya ajabu, nikapanda kama mbuzi, nikafika juu na pumzi ya kuimba, nikaduwaa tena kwa ule mwanga, nikabandua ngozi, nikazitia kifuani ndani ya koti gundi isigande, nikafunga visigino kwenye ski, nikateremka, na hapo miguu ikageuka uji: vifundo vinakunjika mbele, ski zinatetemeka juu ya theluji ngumu, nikaanguka mbele ya trekta la kusawazisha njia, na dereva akazima injini apate kutazama vizuri.

Sasa juzi jikoni Lorna kaniambia, bila kunitazama, "Mzee wangu, Jumapili twende ng'ambo ya mgongo wa mlima, kwenye lile bonde la misonobari. Mimi na wewe tu. Hoyt abaki na miswaki yake."

Nikasema nitafikiria.

"Sawa," akasema. "Sitakuuliza tena."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana naogopa. Hoyt anasema ninunue ski nyepesi kuliko zote, dukani wanasema nichukue nzito kidogo, magoti yanasema nikae nyumbani. Ski za Lorna sijawahi kuzigusa, hukaa garini kwa Hoyt, ila kwa anavyopaa lazima ni unyoya mtupu. Ninunue zipi? Au umri umenipita? Tafadhali usitaje jina langu.

Kidevu Wazi

*

Kidevu Wazi,

Jina lako sitalitaja. Katika mji wenye taa moja ya barabarani na kidevu kimoja kipya, jina la nini?

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona. Neno lenyewe ni komeo. Liko nyuma ya buti la kupandia. Likiwa wazi, kifundo kinacheza upate kutembea. Ukilifunga, buti linakuwa gumu upate kuteremka. Wewe umebandua ngozi, umeilea gundi kama yai, umefunga visigino, kisha ukajitupa mlimani na buti wazi. Umri hauhusiki hapo, bwana. Kila mtu wa alfajiri amewahi kufanya hivyo, na wengi kwa sababu kama yako: walikuwa wanatazama. Kuduwaa si kosa. Kosa ni kuduwaa, ukaanguka, halafu ukasingizia magoti.

Hata hivyo ski za Hoyt ziache. Zile ni za watu wanaovaa nguo za kubana na kushindana na saa. Hupanda kwa miguu na kuteremka kwa sala. Wewe tafuta za katikati. Ziwe nyepesi kiasi cha kubeba zote mbili kwa mkono mmoja bila kukunja uso, na pale katikati ziwe na upana wa kiganja chako, zisizame kwenye theluji laini ya ng'ambo. Urefu usipite kichwa. Ukijaribu kuzipinda zikubishie kidogo, kwa sababu theluji ya alfajiri ni kioo, na ski isiyo na ubishi hutetemeka juu yake. Ngozi zikatwe kwa kipimo cha hizo hizo, kingo za chuma zibaki nje. Na uanze na buti: likikubana, hakuna ski itakayokuokoa. Kodi kwanza, nunua baadaye.

Ng'ambo ya mgongo hakuna doria ya waokoaji. Asubuhi hiyo someni taarifa ya maporomoko ya theluji. Kila mmoja awe na kifaa cha kutafutana kifuani, kimewashwa, na koleo na fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa begini, na mwe mmeshajifunza kuvitumia. Taarifa ikisema hapana, au mkiwa hamjajifunza, pandeni mlima wa lifti. Mwanga ni ule ule.

Lakini leo, kabla hujala, mwambie mkeo ndiyo. Usiseme "nikipata ski". Hakukuuliza habari za ski. Ameiona ile rangi ya waridi ikishuka, na kati ya watu wote wa bonde hili anataka kusimama pale na wewe. Mimi napanda mlima huo miaka mingi, na bado nikifika juu sijui mikono yangu niiweke wapi. Heri mwenye mkono wa kushika.

Ndevu ziache ziote, kule kuna upepo. Na kuhusu uzito: Ijumaa nilimshikia Lorna ski zake pale maegesho, akitafuta glavu. Ni za kuteremkia, za zamani, nzito kama zako.