Nitashuka Awasse

Baba Rehema,

Nimetoka eda, mume wangu. Wanawake wa mtaa walikuja kunitoa, nikaoga, nikavaa kanga mpya, halafu nikakaa barazani kukutazamia. Mazoea tu. Kila gari likipiga honi nilinyanyuka, nikasema huyo kaja na habari zake za Awasse.

Hapa Palma kuna jambo. Wenye magari walituita sokoni tuchague: twende mji wa Pemba kwa chapa, vile vigari vya kubanana, tukibadilisha njia panda ya Awasse kama zamani, au liletwe machimbombo, basi kubwa lile, liende moja kwa moja. Ungekuwepo pasingekalika! Kijana mmoja akasema tuache mabasi, tudai komboyo, treni kabisa, pesa za gesi si zipo. Watu wakacheka. Mimi nilikumbuka treni yako ya Nampula uliyoipanda ujanani, ikisimama kila stesheni watu washuke wanunue vitunguu na kuulizana hali. "Hata hilo komboyo lako la ndotoni litasimama, Mama Rehema," ulikuwa ukinichokoza, maana mimi nilitaka reli itoke mlangoni kwetu hadi mlangoni kwa binti yetu, bila kituo hata kimoja.

Tumegombania hilo tangu tuoane. Mimi nachukia kushuka: jua, mizigo, kuanza tena kutafuta kiti. Wewe ulishuka Awasse kama mtu aliyealikwa harusini. Unanikalisha kwenye chapa ya pili, unapakia mizigo, halafu huonekani. Kumbe uko kwa yule mama muuza mihogo, unamuuliza hali ya mguu wake unaomsumbua, au umechuchumaa kwa Simoni, Mmakonde fundi wa matairi, mnacheka. Dereva anapiga honi, mimi nafura. "Watu hawa tunawahitaji," unasema. Nami nakujibu: "Kwa lipi? Kwa mihogo?"

Sasa najua kwa lipi. Siku ulipozidiwa njiani kwenda hospitali, ukakata roho palepale Awasse mkingoja gari la pili, mdogo wako Bakari aliyekusindikiza hakulazimika kumweleza mtu wewe ni nani. Yule mama alitoa mkeka wake. Wazee wa msikitini wakakuosha na kukuswalia, maana walikwisha kuswali nawe mara nyingi ukingoja gari. Na Simoni, Mkristo wa watu, alichimba kaburi na kukataa kupokezana jembe. Bakari alilia aliponisimulia. Mimi nilikuwa hapa, naambiwa kwa simu.

Nina hamu nawe. Nina hamu hata na ubishi wako. Nafunga mizigo huku nangoja mtu aniambie nimebeba vitu vingi mno, na hakuna anayesema.

Kule sokoni wote walinigeukia, maana wanajua nani mpiga debe wa safari ya moja kwa moja. Nikasimama, nikasema chapa za Awasse zibaki. Wakaduwaa. Nikataka kueleza sababu, nikaishia kutaja jina lako, nikakaa. Wengi walichagua basi; tumeshindwa, Baba Rehema. Basi kubwa limekwisha kuanza, na chapa zile hazipakii tena hapa. Nimeliona likipita, lina mapazia. Lingenifurahisha sana zamani.

Kesho nakwenda nalo kwa Rehema. Amejifungua mtoto wa kiume, kampa jina lako. Ameniomba nisihangaike, nikae kitini hadi Pemba. Lakini kaburi lako sijaliona hata mara moja. Bakari anasema liko nyuma ya kibanda cha Simoni, ukivuka barabara, na basi hili halisimami hapo. Eda imekwisha, na sasa kinachonitenga nawe ni dereva mwenye haraka.

Nimekata tiketi ya hadi Pemba, hawauzi nyingine. Ila nakuahidi, tukikaribia Awasse nitasimama, nitapiga kelele hadi breki zishikwe. Nitakusomea Fatiha, nitamuuliza yule mama mguu wake, nitamshukuru Simoni. Mjukuu wako atanisubiri kidogo, nitapata gari jingine. Mizigo nitaibeba mwenyewe.

Mungu akulaze pema, mume wangu, hadi kesho nitakapokuja.

Kobradori, yule mkata tiketi wao, ataniambia, "Keti, mama, Pemba bado." Nami nitamwambia mimi nimefika.

Mkeo,
Mama Rehema