Yule Aliyekataa Kumchoma Sindano Mama Yako

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Marahaba. Msambweni sote wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako anaandika, mimi nasema tu.

Wauliza kwa nini usianze kazi Ukunda kabla ya kupata leseni ya uuguzi.

Mama yako alipokuwa mchanga alishikwa na homa kali. Nikamkimbiza zahanati, nikamkuta muuguzi mwanafunzi peke yake.

"Mchome sindano!"

"Sina leseni, mama. Siruhusiwi."

"Sare hiyo umeivalia harusi?"

Akakimbia kumwita mkubwa wake. Mkubwa huyo akaniuliza kama mtoto amewahi kuvimba akichomwa sindano. Amewahi! Akampa dawa nyingine.

Msichana yule namshukuru kila mama yako anaponigombeza jikoni.

Ingoje leseni yako. Ukiipata, wa kwanza utakayemchoma ni mimi.

Nyanya yako