Sitini Badala ya Hamsini

Jumapili, 2 Novemba 2025

Printa ya ghorofa ya kumi na nne imekwama tena. Nimeivuta karatasi tumboni, mudir, bosi wetu, akanipigia makofi. Miaka thelathini na kitu kwenye kompyuta, na heshima yangu yote hapa ughaibuni, West Bay, imetoka kwa printa.

Chelsea amejibu. Ni yule mama wa Kanada anayekusanya kumbukumbu za watu waliohamishia Unix, mfumo unaoendesha kompyuta, kwenye mashine ambazo hazikuumbwa kwa ajili yake. Simulizi yangu ya Shosho, kompyuta yetu ya zamani pale chuoni, ameipenda. Ataiweka kwenye tovuti Jumamosi jioni. Ila ana swali: nimeandika kwamba tepu za bakapu, zile nakala za akiba, ziliharibika kwa uzembe wa mwendeshaji. Uzembe gani hasa? Na huyo mwendeshaji, Nahashon Kioko, ameisoma?

Nikafunga laptopu. Nikala wali. Nikaifungua — swali bado lipo.

Jumatatu, 3 Novemba

Simu ya Mutai, anayekaa chumba kimoja na Nahashon kule kempu ya wafanyakazi, Al Rayyan. Mzee Nahashon amelazwa tangu Alhamisi. Figo zote mbili zimegoma, anasafishwa damu. Kampuni yake ya ulinzi inamrudisha nyumbani Kenya. Tiketi ni ya Jumamosi.

Nimepita wodini baada ya kazi. Uso umevimba, miguu imekuwa kama magunia. Macho nayo yameanza kukataa. Alinijua kwa sauti.

"Injinia," akasema. "Umekuja kunizima na kuniwasha?"

Nikamwambia modeli yake haina spea tena sokoni. Akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Miaka kumi na tatu amesimama mlangoni mwa jengo akiandika majina ya wageni. Yeye! Mtu aliyeihamisha Unix kwa kichwa chake na daftari la hesabu. Mimi kwenye kazi ile niliandika draiva, programu ya kuendesha printa. Ndiyo, hata wakati ule, printa.

Ametaka nimsomee simulizi. Nikasema bado naipiga pasi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Mke wangu Phyllis yuko zamu ya asubuhi, nyumba imetulia, mtaa mzima wa Abu Hamour umetulia. Niandike ukweli hapa angalau, mahali pasipo na msomaji.

Shosho ilikuwa kompyuta ya Kimarekani, kubwa kama kabati la nguo, iliyotengenezwa kupanga herufi za magazeti. Kanisa moja lilituletea pale chuoni mwaka 1993, pamoja na transfoma yake iliyonguruma kutwa kama posho mili ya kusaga mahindi. Haikujua Unix ni nini. Nahashon akasema itajua. Tulikuwa na programu yote kwenye tepu moja kutoka Marekani, na kitabu cha mashine kisicho na sura ya saba. Sura ya saba ndiyo iliyoeleza kumbukumbu ya mashine inavyopangwa. Nahashon aliigundua mwenyewe, akiwasha taa za mbele ya kabati moja moja na kuandika. Miezi kumi na minne. Siku alama ya dola ilipojitokeza kwenye skrini ikingoja amri, hatukupiga kelele. Tuliogopa itaondoka.

Saa ya Shosho haikuwa na betri. Ilihesabu mapigo ya umeme wa ukutani. Marekani umeme hupiga mara sitini kwa sekunde, kwetu hamsini. Ndani ya programu palikuwa na namba moja tu: sitini. Ukiiacha hivyo Kenya, kila saa moja inapopita mashine inahesabu dakika hamsini. Nahashon aliiona mapema, akaweka hamsini, akaniambia: Gerishon, ukijenga mfumo upya, usichukue lile faili la Wamarekani.

Machi 1996 nikaujenga upya, kwa ajili ya draiva yangu ya printa. Nikachukua lile faili la Wamarekani.

Kila asubuhi saa mbili sekretari aliwasha Shosho na kuiwekea saa kwa mkono. Bakapu ilijianzisha yenyewe saa kumi na moja jioni, sisi tumeshaondoka, na ilihitaji dakika arobaini. Saa moja kamili askari alizima umeme wa jengo zima — ndiyo ilikuwa sheria ya chuo. Sasa, saa kumi na moja ya Shosho ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na mbili ya sisi wengine. Bakapu ikapata dakika kumi na mbili, kisha giza, na nakala nzima ya zamani imeshafutwa. Tepu zilikuwa tano, moja kwa kila siku ya kazi. Wiki moja ikazimaliza zote.

Na niliiona. Hilo ndilo. Ijumaa moja alasiri nilitupia jicho saa ya skrini, imechelewa zaidi ya saa nzima. Nikajua papo hapo. Nikasema nitairekebisha Jumatatu, nilikuwa nawahi mpira. Jumatatu asubuhi diski ikafa.

Alama za wanafunzi mia tatu na kumi na sita, mihula mitatu. Wengi walirudia mitihani. Wengine hawakurudi kabisa. Mkuu wa chuo akauliza tepu ni kazi ya nani. Nikasema ni ya Nahashon. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilitoka kirahisi. Akafukuzwa bila barua ya kumsifia popote. Mimi wakanipeleka kozi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilifanya mazoezi ndani ya gari, pale maegesho ya hospitali, nimeshika usukani. "Nahashon, kuna jambo." "Kaka, kuna jambo." Mhindi wa gari la jirani akadhani nazungumza naye, akashusha kioo.

Nilipofika, mgonjwa akanitangulia.

"Hiyo hadithi yako usinifiche ndani," akasema. "Andika vizuri nilichofanya."

Nikauliza alifanya nini.

"Spiriti. Ile ya maabara ya kusafishia kichwa cha mashine ya tepu ilikuwa imeisha. Nikasafisha na ya stovu. Nikadhani ni kitu kimoja, bwana! Lazima iliacha mafuta, tepu zikawa haziandiki." Akapumzika. "Kulikuwa na msichana mmoja wa Makueni, wa kwanza darasani. Miaka miwili baadaye nilimkuta mjini Wote anauza mitumba. Nikavuka barabara asinione. Mimi huwa namuombea mpaka leo, na jina lake silijui."

Nilipaswa kusema pale. Nesi akaingia kupima presha.

Hapana. Nesi aliingia baadaye. Nilikuwa na dakika tatu nzima, na nikazitumia kumrekebishia mto.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia Phyllis yote. Alikuwa anakanda unga wa chapati, akaacha mikono ndani ya bakuli.

"Wewe Gerishon, mtu anapelekwa nyumbani kufa, na bado unangoja Jumatatu?"

Nikasema si rahisi.

"Sikukuuliza kama ni rahisi. Unamwambia wewe ama namwambia mimi. Na mimi nimeuguza watu miaka ishirini na tano, sina maneno mengi ya sukari."

Nimeiandika upya ile aya. Uzembe wa mwendeshaji nimeufuta. Nimeweka faili la Wamarekani, sitini badala ya hamsini, jina langu mbele. Nimemtumia Chelsea. Akajibu baada ya dakika chache, kwamba ninastahili pongezi kwa uaminifu.

Uaminifu! Nimeungama kwa wanawake wawili ambao sikuwakosea. Na ile Ijumaa ya mpira, ile ya kuiona saa na kwenda zangu, kwenye aya mpya haimo. Nimeisoma mara tatu nikitafuta pa kuiweka. Kila mahali ilionekana inaharibu mtiririko.

Jumamosi, 8 Novemba

Uwanja wa ndege. Naandikia kwenye goti.

Nahashon yuko kwenye kiti cha magurudumu, koti la baridi la kampuni juu ya shuka la hospitali. Mutai amemletea karak, chai ya maziwa ya huku, nesi alikataza, Nahashon akanywa nusu kikombe na kusema aandikiwe hiyo kwenye faili. Kisha akanigeukia: "Haya Injinia, soma. Ndege haingoji upige pasi."

Nikasoma. Transfoma, sura ya saba, taa za mbele. Nilikuwa nimeandika taa ishirini, akanisahihisha, zilikuwa ishirini na nne. Pale kwenye alama ya dola alifumba macho akatabasamu kabisa.

Nikaingia aya mpya. Nikafika: "badala ya hamsini, mfumo nilioujenga mimi ulikuwa na sitini." Akainua mkono.

"Ngoja."

Midomo ikaanza kucheza. Nilidhani anasali. Alikuwa anapiga hesabu.

"Saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja jioni ni saa tisa. Zidisha sitini, gawanya kwa hamsini." Akakunja vidole kimoja kimoja. "Ni muda wa saa kumi na dakika arobaini na nane. Ukianza saa mbili, unafika saa moja kasoro kumi na mbili. Na yule askari alizima saa moja."

Aya ilikuwa na mistari sita zaidi. Sikuwa na haja ya kuisoma.

"Kwa hiyo spiriti haikuwa na kosa," akasema.

"Haikuwa na kosa, kaka."

Akabaki kuangalia mahali niliposimama, macho yale hayanioni vizuri. Mutai akajifanya anatafuta kitu kwenye begi. Halafu Nahashon akauliza, taratibu, kama zamani akinikagulia programu yangu:

"Lakini ungeiona kwenye skrini. Mchana wowote. Uliiona lini?"

Hapo ndipo mhudumu akaja na kumsukuma hadi kaunta, wanataka kukagua karatasi za daktari. Dakika kumi, amesema, kisha watamrudisha tumuage.

Zimepita saba. Kutoka kwenye benchi hili naona kisogo chake na mkono wa mhudumu. Jibu langu ni neno moja, Ijumaa. Nimelisema mara tano kwa sauti ya chini, Mutai ananitazama tu.

Wamegonga muhuri. Kiti kinageuzwa. Anatabasamu — au ni uvimbe, kutoka hapa siwezi kujua.