Uzi wa Kijiti

Kwako dada yangu mpenzi, mama wa pili,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ile sauti ya kunifokea bado haijachakaa. Mimi sijambo, na kwa ninavyopendeza siku hizi ungeona fahari kutembea nami. Mdogo wetu Kijiti hajambo? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Hapa karakana ni kama yangu, ila Bosi ndiye hajui. Majeneza ninayounda mimi hayana ufa. Hajarudi hata mteja mmoja kulalamika. Kazi yetu ina sharti moja. Wafiwa huleta uzi uliokatwa kwa urefu wa marehemu, tunapimia huo huo, kisha tunauweka ndani uende na mwenyewe. Bosi husema jeneza huujua uzi wake kama ng'ombe anavyomjua ndama.

Mwezi jana alikuja bibi mmoja mfupi, mkalimani mstaafu, na uzi wa urefu wake mwenyewe. Alitaka jeneza lake liwe tayari mapema. Nikamtania kwamba ana haraka gani, wenzake bado wanatafuta wachumba. Akacheka mpaka akakaa juu ya mbao. Ndipo akaniuliza kama najua neno hilo, jeneza, limetoka wapi. Wewe wanijua, nikasema nalijua tangu tumboni. Akaniambia ni la Waarabu, na kwao laweza kuwa maiti anayebebwa, au machela yake, au mazishi yenyewe. Waturuki huyaita hivyo mazishi, na maiti pia. Wamalay wao wamelibakiza kwa maiti tu. Sisi ndio tumebaki na mbao. Alisema neno lile lilivuka nchi zote hizo likiwa na mtu ndani, likafika kwetu mtu hayumo, na bado linamkumbuka. Nikamjibu kwamba mimi shule niliiaga darasa la sita, maneno hayanitishi.

Alipokuja kulichukua, aliingiza mkono ndani, akafumba macho. Akasema uzi uliomo si wake, na jeneza lina mtu. Akaondoka.

Bosi nilimdanganya kwamba bibi kabadili mawazo. Tangu siku ile, kila tukirudi kutoka kula mchana, unga wa mbao uliomo ndani ya jeneza lake tunaukuta umelaliwa: kisogo, mabega, visigino. Mwili mdogo. Nikafagia, kesho yake upo vile vile. Nikasema ni paka. Dada, paka gani ana kisogo na mabega?

Kisha ikafika barua yako, kwamba Kijiti akitoka shule mchana hujilaza chali, amenyooka, mikono ubavuni, akiitwa haitiki. Na ukimwinua, nywele zake zina unga wa mbao. Uliniuliza mimi fundi huo ni ugonjwa gani. Sikukujibu, na si kwamba nilikosa stempu.

Sasa nisikilize, usinilaani kabla hujamaliza. Uzi wa bibi niliupoteza. Niliufungia redio kwenye baiskeli, ukakatika njiani. Nikamwogopa Bosi. Na mfukoni nilikuwa na ule ulionitumia wewe, uliompimia Kijiti ili nimtengenezee kitanda. Kwa macho, yeye na bibi walilingana. Nikaupimia, nikauweka ndani. Jeneza lile ni la mdogo wetu, naye yu hai.

Juzi nilimfuata bibi nyumbani kwake. Alisema kuutoa uzi hakutoshi, na kulivunja ni kumvunja aliyemo. Ni lazima lipewe mwingine, naye awe ameridhia. Hakusema nani, wala hakunitazama.

Jana nimejipima, nikautia wangu. Nimempita Kijiti kwa mkono mzima. Nimejisifia urefu huu maisha yangu yote, na jana ndipo nilipouona mzigo.

Uzi wa Kijiti nimeukunja humu, mkabidhi mwenyewe. Mwambie kitanda chake kinakuja, nimekiongeza urefu kwa kukisia, akue apendavyo. Nisalimie shemeji, na wote wanaosema nimepotea waambie nipo.

Kabla ya kuifunga bahasha nimekwenda kuchungulia. Alama ya leo si ya mtoto. Huyu amekunja magoti ili atoshe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mlingoti