Keke ya Baba na Mti Wenye Pengo

Njia ya Kanisani 7,
Kijiji cha Eschenried,
Swabia, Ujerumani.
Tarehe 27 Desemba

Mpendwa dada Irmhild,

Pokea salamu za nyumbani, ambako theluji imefika magotini na Mama anasema hii si kitu. Hujambo? Shemeji Osvaldo na binti yenu Amparo wanaendeleaje na joto la huko Chile? Sisi wazima. Goti langu linauma, lakini hilo huuma hata wakati wa jua.

Uliniomba kwenye simu jambo moja tu: Krismasi hii ya kwanza bila Baba, Mama asijifungie ndani. Nikaitikia upesi, nikidhani ni kazi ndogo. Kumbe! "Mti wa nini?" akaniuliza. "Aliyejua kuchagua miti tulimzika Machi. Mwaka huu sitaki watu." Na hapa kwetu unapajua: pasipo mti, jirani hana cha kuja kusifia kama ilivyo desturi ya Krismasi, na asiposifia, chupa ya pombe ya peasi haitoki kabatini. Mama angekaa peke yake mpaka sikukuu ziishe.

Basi tarehe 23 nikachukua msumeno wa Baba, nikaenda kwa Alois, kwenye shamba lake la misonobari. Unakumbuka Baba alivyokuwa akizunguka saa nzima, anapapasa msonobari huu, anatikisa ule, sisi miguu imekufa ganzi? Nikamwiga. Nikapapasa, nikatikisa, theluji yote ikanimwagikia shingoni. Alois akaangua kicheko: "Eberhard, unachagua mti au mchumba? Maana kwa mchumba umeshachelewa!" Kwa hasira nikaukata uliokuwa karibu.

Mti ulipofika sebuleni ndipo ulipoonyesha tabia yake. Ulikuwa umepita dari, kwa sababu niliupima nje, ambako dari ni mbingu. Nikaupunguza chini. Matawi mazuri yakaondoka na kile kipande, na ubavuni likabaki pengo ambalo paka angepita bila kuinama. Nikaligeuzia ukutani, nikakuta mbele kuna jingine. Nikakaa sakafuni. Mti haukuniumiza sana, dada. Kilichoniuma ni ahadi niliyokupa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, ananitazama. Ghafla akasema:

"Kalete keke ya baba yako."

"Keke ya nini, Mama?"

"Ya kutobolea! Na hayo matawi usiyatupe, bwege wewe."

Nikaikuta chumba cha chini, imeviringishwa kitambaani, ncha yake imeganda utomvu mkavu. Dada, ile miti ya Baba iliyowavuta watu hadi wa kijiji cha pili, yote ilikuwa na mapengo! Kila mwaka, sebule ikishafungwa nasi tumekatazwa hata kuchungulia tundu la ufunguo, Baba alitoboa shina, akachonga matawi na kuyachomeka, Mama akimshikia. Miaka arobaini na mmoja, na hawakumwambia mtu.

"Hata ule wa mwaka niliopata kipaimara?" nikauliza.

"Matawi tisa," akasema Mama, akacheka mpaka akatafuta leso. Kisha akainuka, akalikamata shina kwa mikono miwili. "Haya, toboa. Si hapo! Juu kidogo. Baba yako naye alikuwa mbishi hivyohivyo."

Jana jirani yetu Walburga akaja. Hajavua hata koti, akasimama mlangoni: "Mti mzuri huo! Utadhani marehemu Korbinian mwenyewe ndiye aliyeuchagua." Mama akammiminia glasi, akajimiminia na yake, kisha akatamka, uso mkavu kabisa: "Huyu ana jicho la baba yake." Chini ya meza akanikanyaga mguu.

Tangu hapo mlango haujapumzika. Leo wamekuja sita, na chupa imebaki ya kunusa. Siri sasa tunayo watatu. Shemeji usimwambie, yeye akinywa husema.

Msalimie yeye na Amparo. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Mungu awafunike kwa mkono wake, akulete nyumbani Mama akiwa bado na nguvu za kushika shina.

Nimeweka picha ya mti ndani ya bahasha. Matawi manne ni ya kuchomeka. Yatafute. Ukiyakosa, basi Baba ameacha fundi.

Mdogo wako akupendaye hata ulipomnyima zamu ya kuketi mbele garini,
Eberhard