Baba, Hii Gari Si ya Soko Peke Yake

Baba yangu Kamau, uliyelala kule Ndaragwa,

Sasa hivi tu, mwenye jina lako amechukua waya wa chaja ya simu yangu, ameuchomeka ndani ya kiatu chake cha kushoto, na amekaa kando, mikono magotini, akingoja kijae. Nimemwambia, "Kamau, vaa kiatu twende." Ameniangalia na lile jicho lako la kumwona mtu hajui kazi. "Mami, bado. Haijafika hata nusu."

Ana miaka mitatu na nusu. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu kicheko kimenikauka, kwa sababu huyu mtoto anajua kungoja kitu kijae, na watu wazima wa nyumba yetu hawajui.

Nimekasirika, Baba. Nimekasirikia kaka yangu Mwangi, na Mama kidogo, na wewe pia, na wewe ndiye umebaki wa kuambiwa bila kunikatiza. Nakuandikia kwa kile kitabu ninachoandikia oda za mandazi, na nikimaliza nitaiweka barua hii mahali watu wataisoma, kwa sababu mambo yangu yalisemwa mbele ya watu na mimi nikanyamaza.

Kesho Jumamosi tunafunua msalaba wako. Mwaka umeisha. Mama alitafuta fundi wa mawe, ukachongwa vizuri, na sasa umefunikwa kitambaa cheupe. Mzee wa kanisa alisema atakayevuta kitambaa ni mjukuu mwenye jina lako. Unakumbuka jina hilo lilivyofika kwake. Ingekuwa kwa desturi, kijana wangu wa kwanza angepewa jina la babu wa upande wa pili, wa baba yake, lakini upande wa pili ulitoroka kabla hajazaliwa, kwa hivyo jina likatoka kwetu. Nilikuletea amefungwa shuka la kijani, ukamshika, ukasema, "Sasa nimekuwa mdogo tena, Maitu, unipeleke polepole." Maitu, mama yako. Uliniita hivyo tangu nizaliwe, kwa sababu mimi nami nimebeba jina la mama yako, Wanjiru. Hakuna mtu mwingine ananiita hivyo siku hizi.

Kwa hivyo mtoto lazima afike. Hapo hakuna anayebisha. Vita ni atafika na gari gani.

Mwangi aliamua. Hakuniuliza mimi, Shiru wake. Aliandika kwa grupu ya familia: "Mtoto atakuja na mimi kwa pikapu. Shiru apande gari ya abiria. Hiyo yake ya betri ibaki Ruiru." Na chini yake akaweka maneno ambayo ndiyo yamenichoma: "Hata mzee alisema."

Ni kweli ulisema. Nikukumbushe ilivyokuwa, maana hukumu yako imekuwa sheria na hauko hapa kuulizwa.

Ilikuwa siku ya kwanza umeiona gari yangu. Nilikuwa nimeifanyia kazi, Baba, mandazi na chapati za hapa Kimbo, mtaa wetu wa Ruiru, kuamka na kukanda, kubeba ndoo mgongoni mwa bodaboda mpaka ofisi za mtaa wa Kahawa Sukari, mpaka nikanunua hiyo gari ndogo ya umeme iliyotoka Japani na uzee wake. Nilikupakia pale Thika nikupeleke kwa daktari wa macho. Ukafunga mlango, ukangoja. Ukangoja tena.

"Washa basi, Maitu."

"Nimewasha."

"Hii imezima."

"Iko kwa moto, Baba."

Ukaweka kiganja juu ya dashibodi, kutafuta ule mtetemo wa injini, kama mtu anapapasa ng'ombe kujua kama ana ndama. Hukupata kitu. Nikaondoka, gari ikaenda kimya, ukashika mkanda na mikono miwili, wewe uliyeendesha kanta, lori lile la kabichi, kutoka Ndaragwa mpaka soko la Thika kabla sijaota meno. Ukakaa hivyo mpaka kwa daktari. Uliposhuka ndipo ukasema, "Ni nzuri. Lakini hii ni ya kwenda soko. Si ya kwenda nyumbani."

Basi. Maneno hayo machache ulisema ukitafuta fimbo yako, na leo Mwangi ameyashika kama wosia.

Mimi sikukujibu siku ile kwa heshima, na kwa sababu nilikuwa nimezoea. Nani alinizoesha? Nikiwa darasa la nne tulikuwa tunapanda na wewe kanta wikendi, mimi katikati, Mwangi dirishani. Ukisimama mlimani, Mwangi alipewa usukani aushike, mimi nilipewa jiwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuruka chini mbio, kuweka jiwe nyuma ya tairi gari isirudi. Mwangi alifundishwa gia uwanjani kwa shule akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi niliacha shule kidato cha pili, na kuendesha nimejilipia mafunzo mwenyewe nikiwa na mtoto tumboni, mwalimu akiniuliza kila siku kama nimechoka. Bado nakumbuka uzito wa jiwe lile. Sijawahi kukuambia.

Lakini nilikuwa naangalia, Baba. Nikiwa pale katikati niliona yote. Niliona ulivyokuwa ukitoka Karatina na mzigo, ukifika pale barabara inaanza kulala kuelekea Sagana, unatuambia tunyamaze. Unatoa gia, unaweka frii, kanta inateremka yenyewe, hakuna sauti isipokuwa upepo na kabichi zikisuguana nyuma. "Mnasikia hiyo kimya?" ulikuwa ukituuliza. "Hiyo ni diseli inabaki kwa tangi." Nilikuwa naona wewe ndiye mtu mwerevu kuliko wote duniani.

Sasa sikia alichofanya mtoto wako.

Wiki tatu zimepita, Mwangi alikuja hapa kwangu. Akasema, "Leta funguo, Shiru. Niijaribu mpaka Sagana na kurudi, tujue ukweli." Nilimpa. Nilifurahi hata, nikasema afadhali aone mwenyewe. Niliichaji ikajaa pomoni. Nikamwambia aende mwendo wa kawaida. Akasema, "Wewe, nani alikufundisha barabara?"

Saa kumi jioni nilisikia watu wa plot, majirani zangu, wakipiga kelele nje. Gari yangu ilikuwa inaingia kwa geti ikiwa juu ya lori la mawe, imefungwa kamba kama ng'ombe ya kuuzwa. Ilimzimikia Kabati akirudi, hata Thika hajaingia. Mwangi alikuwa amekaa mbele na dereva wa lori, rafiki yake, wanakula mahindi choma. "Nilikuambia," akasema. Hajashuka hata. "Nilikuambia, na mzee alikuambia."

Kabla sijajua niseme nini, picha ilikuwa kwa grupu. Watu wakacheka kutoka Thika mpaka Rumuruti. Mjomba mmoja akaandika, "Kumbe ni friji yenye magurudumu." Mwingine akauliza kama nikikwama nauza barafu. Hata keateka wetu, mwangalizi wa plot, ambaye kila wiki ananihesabia kama ndiye analipa tokeni zangu za stima, akaja kuzunguka lori akisema, "Mama Kamau, si ulinunua ya kawaida tu kama watu?" Mama akanipigia kwa sauti ile ya kubembeleza mgonjwa: "Wanjiru, mtoto aende na kaka yake mkubwa, wewe usijisumbue." Kaka yake mkubwa! Mwangi ni mjomba wake. Mtoto ni wangu. Nimemzaa mimi, nimemlea mimi, halafu siku ya kuvuta kitambaa cha babu yake nifike nyuma, nikitafuta mtoto wangu kwa umati kama mgeni?

Nililia siku hiyo, sitakuficha. Halafu nikaacha, kwa sababu kuna kitu kilikataa kunitoka kichwani. Mimi hiyo gari naijua. Naishi nayo. Kila siku natoka Kimbo mpaka Thika na ndoo zangu, na kila nikiteremka pale kwa mto Chania, nikiondoa tu mguu kwa mafuta na kuiacha ndani ya gia, naona ile alama ya betri inapanda kidogo. Inateremka ikirudisha chaji. Sikuambiwa na mtu, niliona na macho yangu. Kwa hivyo mteremko huniwekea kitu kila siku, na Mwangi ametoka Sagana, akapita miteremko yote ile, akafika Kabati betri imeisha?

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimfunga Kamau nyuma, nikaenda njia ile ile. Peke yangu na yeye. Sikukimbia. Malori yalinipita yakinipigia honi, dereva mmoja akatoa kichwa akaniita "mama wa harusi." Sagana nikageuza. Nilirudi mpaka Kimbo, Baba, mpaka kwa geti, na betri imebaki sehemu moja kati ya tano. Nilikaa ndani ya gari, mtoto amelala, nikapiga usukani na ngumi. Nilikuwa na furaha na hasira, sijui ipi ilikuwa mbele.

Jana mchana nikampigia Mwangi.

"Siku ile ukiteremka, uliweka nini?"

"Kuteremka wapi?"

"Popote. Ukiteremka."

"Si niliweka frii. Kwani nani hajui kuteremka?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Mzee alituteremsha hivyo miaka yote!"

"Mzee alikuwa na diseli, Mwangi. Hii ukitoa gia umeifunga mdomo. Inateremka na njaa. Na ulikimbia, usiniambie hukukimbia."

Nikasikia watu wake wakipakia kitu, chuma kikigonga chuma.

"Shiru, unanifundisha kuendesha?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Akakata simu.

Unaona basi kinachoniuma? Si kwamba alikosea. Alifanya vile ulimfundisha, na alivyofanya ni vizuri kwa gari ile nyingine. Lakini akikosea yeye, kosa ni la gari yangu. Na kosa la gari likawa langu, na langu likawa sababu ya kuninyang'anya mtoto siku moja iliyo kubwa. Hakuna hata mmoja kwa hiyo grupu aliyeuliza, "Iliendeshwa aje?" Na wewe ulikaa ndani yake mara moja, ukipapasa dashibodi, ukaihukumu kabla haijafika hata mlima mmoja. Nakupenda, lakini hapo ulikosea. Nimesema.

Usidhani mimi ni mjinga wa kupenda kitu changu mpaka nisione. Naogopa. Kutoka hapa mpaka Ndaragwa haifiki kwa chaji moja, na kupanda Karatina kutainyonya, na baridi ya kwetu asubuhi inaikausha betri, hilo nalo nimeliona hapa hapa Ruiru mwezi wa saba. Ningekuwa nakimbiza mgonjwa, ningepanda pikapu ya Mwangi na mdomo nimefunga. Nimekaa siku tatu nikipima kama niende nayo au niiache. Ndiyo nikampigia Tata Nyambura, dada yako, pale Karatina. Nikamwambia nitafika Ijumaa na nitalala, na gari italala kwa waya.

"Leta hiyo gari yako inanyonya," akasema. "Hapa niko na soketi mbili, moja ya redio na moja ya mgeni."

"Na stima ikipotea, Tata?"

"Ikipotea tutaisukuma, mimi na wewe. Mguu wangu ni mbaya lakini nitakuwa naimba."

Kwa hivyo nimeamua. Naenda nayo. Gari imejaa, nimeitoa kwa waya, nimepakia mandazi za Mama, sweta mbili za mtoto, na koti langu la kanisa. Nitaenda polepole vile uliniomba. Nikifika nitaiegesha pale kwa ua ambapo kanta ilikuwa inalala, watu waizunguke waikague meno. Na mwaka ujao, Mungu akipenda, nataka kumchukua Mama nimpeleke mpaka Nyeri kwa rafiki zake wa zamani, akae mbele, asikie hiyo kimya. Naona mbali, Baba. Hata hasira yangu inaona mbali.

Lala salama mpaka kesho tukufikie. Ukisikia watu wamefika na hukusikia injini, ujue ni sisi.

Ni mimi, Maitu wako.

Nimeshaandika jina, kumbe sijamaliza. Mwangi amefika. Pikapu iko nje kwa geti, inanguruma, na nilikuwa nimejifunga kiuno tayari kwa vita. Lakini amesimama katikati ya magari mawili na kile kiti cha mtoto cha kufunga, kile alichonunulia watoto wake, amekibeba kifuani kama kondoo, na hajaingia ndani. Anapiga kelele kutoka kule kule:

"Shiru! Hiki kiti nifunge kwa gari gani?"

Anauliza, Baba. Mwangi anauliza. Ngoja nikamwambie kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya keateka na plot yote, kwamba mtoto wangu anakaa kwa gari ya mama yake, ile...

"Shiru! Si nakuita!"